Mguu Mmoja wa Mzazi Ukivimba, Usikandwe

Bibi mzaa mama alikuwa mkandaji, kwetu Pangani. Nyumba haikukosa harufu ya mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, wala haikukosa mtu aliyelala mkekani akisubiri zamu yake. Miaka mingi baadaye nilisomea fiziotherapia, na mpaka leo nikishika bega lililokaza navikumbuka vidole vyake. Siubezi mkono wa jadi. Nimeuona ukimnyoosha mtu aliyeshindwa kuinama wiki nzima. Nimeuona pia ukimchelewesha mgonjwa ambaye kila saa kwake ilikuwa na thamani.

Tatizo limejificha ndani ya neno moja: mshipa. Mtaani mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano, ni msuli, na kwa wengine ni busha. Barazani tunaelewana bila shida. Lakini mkandaji akiambiwa "mshipa umekaza", mkono wake unakwenda kufanya kazi ileile kwa vitu vitano tofauti. Msuli uliokaza unataka kuchuliwa. Mshipa wa damu ulioziba hautaki hata kubonyezwa.

Hapo ndipo inapoanzia dhana inayonitia hofu kuliko zote: kwamba mguu wa mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, ukivimba ni baridi imemwingia, na dawa yake ni kitambaa cha maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu. Miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya kujifungua ni jambo la kawaida, ilimradi presha imepimwa na iko sawa. Mguu mmoja ni habari nyingine. Mimba huifanya damu iwe rahisi kuganda, na hiyo ni kinga ya mama asipoteze damu nyingi wakati wa kujifungua. Hali hiyo haiishi siku mtoto anapozaliwa. Huendelea kwa wiki 6 hivi, yaani arobaini yetu nzima. Mzazi akikaa kitandani muda mrefu, hasa aliyefanyiwa upasuaji, donge la damu linaweza kujijenga ndani ya mshipa mkubwa wa paja au wa shavu la mguu. Mara nyingi huwa mguu wa kushoto, kwa sababu mshipa unaorudisha damu ya upande huo hupita nyuma ya mshipa mwingine na kubanwa. Mguu huvimba, huuma, huwa wa moto, rangi yake hubadilika. Ukiuchua, donge linaweza kung'oka, likasafiri kupitia moyoni hadi kwenye mapafu. Mama aliyekuwa akizungumza na wageni anaanza kuhema, kifua kinambana, na wengine hawafiki hospitali.

Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi aonwe na mtaalamu angalau mara 4: ndani ya saa 24 za kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Mkandaji humwona kila siku, tena akiwa amefungua kanga. Hakuna muuguzi mwenye nafasi hiyo. Ndiyo maana nasema mkandaji asiyefundishwa ni hasara kwetu sote, na aliyefundishwa ni mlinzi ambaye hatujampa kazi yake.

Tubaki kwa mzazi huyo huyo. Anaambiwa kwamba asipokandwa tumbo kwa maji ya moto, damu chafu itabaki ndani. Damu ile si chafu, na haitolewi na maji. Mfuko wa uzazi huwa na uzito wa karibu kilo 1 mara tu baada ya kujifungua, na kufikia wiki ya 6 huwa chini ya gramu 100. Unajibana wenyewe, na mtoto akinyonya unajibana zaidi. Lile tumbo linalokata wakati wa kunyonyesha ndiyo kazi yenyewe. Kitambaa cha uvuguvugu mgongoni kinaburudisha, sina ugomvi nacho. Maji yanayochemka yanaunguza ngozi, na kubonyeza tumbo lenye mshono wa upasuaji kunaweza kufungua kidonda. Damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, ikinuka vibaya, au mama akipata homa, hapo ni gari, si sufuria.

Na kabla ya kujifungua kuna lile la kugeuza mtoto. "Kakaa vibaya, apelekwe kwa bibi fulani, atamweka sawa." Dhana hii haifi, na sababu yake ni ya kueleweka kabisa. Katika wiki ya 28 ya mimba, karibu robo ya watoto huwa wametanguliza makalio. Mimba ikitimia hubaki 3 au 4 tu kati ya 100. Wengine wote hugeuka wenyewe. Kwa hiyo bibi akikanda tumbo la mwezi wa saba, mtoto atageuka, na shukrani zitamwendea yeye. Hospitali pia huwageuza watoto kwa mkono, lakini ni kuanzia wiki ya 36 au 37, baada ya kipimo cha ultrasaundi, mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa na chumba cha upasuaji kikiwa karibu, na hata hivyo hufanikiwa karibu nusu ya mara. Tahadhari zote hizo ni kwa sababu kondo linaweza kubanduka. Ikitokea hivyo ndani ya chumba chenye pazia na taa ya chemli, mama na mtoto wanaweza kupotea wote wawili.

Jambo hilo hilo, mwili kujirekebisha na mkono kupewa sifa, ndilo linalotuchelewesha kwenye kiharusi. Mzee anaamka mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, kauli inayumba. Jamaa wanasema kapigwa na upepo, achuliwe kwanza kwa mafuta ya mnyonyo na habasoda. Wapo wanaopata nafuu, kwa kuwa vipo viharusi vidogo vinavyopita vyenyewe ndani ya dakika au saa chache. Lakini hivyo ni onyo la kikubwa kinachokuja. Ugonjwa uko kwenye ubongo, haupo mkononi: ama mshipa wa damu umeziba kichwani, ama umepasuka. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na lazima kwanza picha ya kichwa ithibitishe kuwa si damu iliyovuja. Hata mahali ambapo dawa hiyo haipatikani, kufika mapema kunamwokoa mgonjwa asipaliwe na chakula, na presha yake isimamiwe. Mkono wa mkandaji una nafasi baadaye, tena kubwa: kukunja na kukunjua viungo kila siku visikakamae, kumgeuza ubavu asipate vidonda vya kulalia. Miezi 3 ya mwanzo ndiyo yenye mavuno zaidi. Nimefanya kazi na mabinti waliowafanyia baba zao mambo haya kwa subira ambayo wodini nimeiona mara chache.

Kwenye mifupa nitasema waziwazi. Watu huniambia, "Hospitali watamkata mguu, kwa mganga wa mifupa atapona." Wanaokatwa mguu nimewaona, na wengi walifika wakiwa wamefungwa mabanzi kwa kamba iliyokaza siku nne, vidole vimekuwa vyeusi. Damu isipopita, msuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Daktari anaokoa uhai, mtaa unasema daktari kakata. Hogo la hospitali, ile plasta ngumu, nalo likibana lina hatari ileile, kwa hiyo dalili ni za kujua popote ulipofungwa: vidole vya baridi, ganzi, weupe au ubluu, na maumivu yanayozidi ukivinyoosha. Fungueni, nendeni, hata kama ni usiku.

Kwa watoto kuna kiwiko. Mtoto kaanguka mwembeni, kiwiko kimevimba, kila jioni kinafunguliwa na kuchuliwa "kisije kikakauka". Kumbe kukichua kwa nguvu ndiko kunakoweza kuufanya mwili ujenge mfupa ndani ya msuli ulioumia, na mkono ukashindwa kabisa kukunjika. Mfupa uliovunjika unataka utulivu.

Mengine niyapitie haraka. Kuchua hakutoi sumu mwilini. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Mirija ya uzazi iliyozibwa na maambukizi ya zamani haizibuliwi kwa kukanda chango. Busha halitokani na kunywa madafu, ingawa pwani nzima tumekua tukiambiwa hivyo: mara nyingi linaletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na likishavimba tiba yake ni upasuaji. Zile dawa za matende za kumeza mtaa mzima, ambazo Zanzibar zilianza kugawiwa mwaka 2001, zililenga kukata mzizi huo. Na presha haijulikani kwa kichwa kuuma. Wengi wenye 140/90 na zaidi hawasikii chochote mpaka siku ya kiharusi.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na baraza la kusajili waganga. Usajili ni jambo jema, ila cheti ukutani hakimfundishi mtu kutofautisha msuli na donge la damu. Hilo hufundishwa mkono kwa mkono. Ninapokaa na wakandaji siendi na picha za ubaoni. Naenda na utepe wa fundi cherehani. Tunapima shavu la mguu mmoja, vidole vinne chini ya goti, kisha la pili mahali palepale. Tofauti ikizidi sentimita 3, mkono unaondoka mguuni na mzazi anapelekwa hospitali. Tofauti ikiwa ndogo lakini mguu unauma na una moto, anapelekwa vilevile.

Mara ya mwisho bi mkubwa mmoja, mkandaji wa miaka mingi kuliko umri wangu, aliupima mguu wangu mara tatu mpaka akaridhika. Kisha akaniuliza utepe ule unauzwa wapi. Nikampa. Akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, pale anapofunga hela.