Usinunue Betri Nyingine Kabla Hujapima Waya wa Hasi

"Fundi, betri imekufa tena." Kila nikisikia hivyo kutoka kwa mwenye karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, nauliza jambo moja: ulipima nini? Jibu ni lile lile. Aliweka mita kwenye betri, ikasoma volti 12.6, lakini pampu ya maji ikawa inazunguka kwa kujikongoja. Akahitimisha kwamba betri "inaonyesha tu, haina nguvu", akaenda kununua nyingine. Karibuni nililetewa karavani yenye betri ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Mbili za kwanza zilikuwa nzima.

Umeme wa volti 12 hutoka kwenye chanya na lazima urudi kwenye hasi. Watu hukagua njia ya kwenda, yaani fyuzi, swichi na waya mwekundu, halafu wanaishia hapo. Njia ya kurudi, kwenye karavani nyingi, hupita kwenye chasi, yaani fremu ya chuma ya chini, kupitia bolti iliyofungwa chini ya sakafu ambako matairi hurusha maji na tope safari nzima.

Karavani ile niliipima mwenyewe akiangalia. Pampu ikiwa imezimwa, nyaya zake zilisoma 12.6. Kuiwasha tu, zikashuka hadi 10.2 na taa zikafifia. Wakati huo huo, kwenye terminali za betri palikuwa na 12.5. Betri ilikuwa inatoa vizuri, ila volti 2.3 zilikuwa zinapotelea njiani. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa hasi wa pampu, pampu ikizunguka. Nikapata 2.2. Basi karibu hasara yote ilikuwa upande wa kurudi. Nikaingia chini, nikafungua bolti ya chasi. Washa, kile kipete cha bolti, ilikuwa imekaa juu ya rangi, na kichwa cha waya kimeota unga wa kijani. Nilipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga kichwa kipya, nikapaka grisi juu. Pengo likashuka hadi 0.1.

Mita ilidanganyaje mwanzoni? Haikudanganya. Mita haivuti umeme wa maana, na pasipo mkondo kutu haili volti. Ukinzani wa omu 0.3 hauonekani kitu kikiwa kimezimwa, lakini ukipitisha ampea 7 za pampu unakula volti 2.1. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utakusomea 12.6. Nawaomba sana, pimeni mzigo ukiwa umewashwa. Hasara ikizidi nusu volti, sogeza ncha ya mita kiungo hadi kiungo. Pale namba inaporuka ndipo penye ubovu.

Wengine husema, "Nimechomeka umeme wa nje, betri haihusiki." Taa, pampu na feni ya hita bado zinatumia volti 12, na kazi ya konveta, kifaa kinachogeuza umeme wa nje kuwa volti 12, ni kuzilisha huku ikichaji betri. Konveta ikifa hutajua mpaka betri iishe, kisha lawama zinaiangukia betri. Ukiwa umechomeka, terminali za betri zisome kati ya 13.2 na 14.4 hivi. Zikisoma 12.4 na kuendelea kushuka, hakuna chaji inayoingia. Anza na zile fyuzi za konveta zinazoungua mtu akigeuza chanya na hasi wakati wa kufunga betri.

Friji inayowaka kwa gesi nayo mara nyingi inahitaji volti 12, kwa ajili ya bodi inayowasha moto na kufungua gesi.

Fyuzi ya ampea 15 ikiungua, usiweke ya 30. Fyuzi inalinda waya. Ukiweka kubwa, kitakachoungua ni waya wenyewe, ndani ya ukuta wa mbao. Volti 12 haikurushi, lakini moto inawasha.

Mwisho, kikata umeme kinachokatika kila unapochomeka hakifungwi waya wa kukiruka, wala hakiitwi kibovu kabla ya kupimwa. Zima vyote, washa kimoja kimoja. Anza na hita ya maji, maana elementi iliyopasuka huvujisha umeme kwenye maji, na mimi ndiko ninakoikuta hitilafu mara nyingi zaidi.