Sijakuita mwongo, nimeuliza chanzo kiko wapi

Juzi usiku nimeukuta tena ujumbe ule ule kwenye ukurasa wangu wa majadiliano katika Wikipedia ya Kiswahili, ambako najitolea kukagua hariri za watu: "Kaka, umefuta nilichoandika. Mimi nimezaliwa kata hiyo, wewe utaniambia nini kuhusu kwetu? Unasema nadanganya?" Nimeshaupokea ujumbe huu kwa maneno tofauti mara nyingi mno, na kila mara najibu kwa upole. Leo naandika kwa kirefu, maana nimechoka kujibu vipande vipande.

Sikusema umedanganya. Kutengua hariri isiyo na chanzo, yaani kuirudisha makala ilivyokuwa kabla yake, si hukumu juu ya ukweli wake, wala juu yako. Anayesoma Wikipedia ya Kiswahili hakujui wewe, hanijui mimi, na hana sababu ya kutujua. Mwanafunzi wa Songea akifungua makala saa tano usiku hawezi kukupigia simu akuulize umejuaje. Anachoweza ni kubofya ile namba ndogo mwishoni mwa sentensi, ashuke kwenye tanbihi, aone nani kasema na kasemea wapi. Namba isipokuwepo, amebaki na neno la mtu asiyemjua.

Uharibifu wa wazi haunisumbui. Matusi, jina la mpenzi katikati ya makala ya Kilimanjaro, ukurasa mzima kufutwa: unatengua, unaonya, akirudia, mkabidhi (msimamizi mwenye mamlaka ya kufungia watu) anamzuia. Imekwisha.

Kinachoninyima usingizi ni hariri ndogo, safi, ya mtu mwenye nia njema. Hii ya juzi ndiyo mfano wenyewe. Makala ya kata ilikuwa na idadi ya wakazi kwa sensa ya 2012, na tanbihi yake. Ndugu yetu kabadilisha tarakimu ya kwanza tu, 1 ikawa 2. Ukifungua tofauti, ukurasa unaolinganisha makala kabla na baada ya hariri, unaiona peke yake, imekolezwa rangi, mstari mzima uliobaki haujaguswa. Kata imeongezeka watu elfu kumi kwa mguso mmoja wa kidole. Mwaka 2012 upo pale pale. Tanbihi ipo pale pale.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo tunaposhindwa kuelewana. Huenda watu wa kata hiyo wameongezeka kweli. Tena naamini wameongezeka: sensa ya 2012 iliihesabu Tanzania watu 44,928,923, na ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120. Lakini sentensi ile haikuwa inasema kata ina watu wangapi leo. Ilikuwa inasema sensa ilihesabu wangapi. Ukibadilisha tarakimu ukaiacha tanbihi, umeilisha ripoti ya sensa maneno ambayo haikuyatamka. Sentensi isiyo na tanbihi angalau inamwambia msomaji ajihadhari. Sentensi yenye tanbihi isiyosema hivyo inamwambia aamini, imeshakaguliwa. Hii ya pili ndiyo inayodumu miaka, kwa sababu hata sisi tunaolinda mabadiliko ya karibuni, yaani orodha ya hariri mpya, tukiona namba ya tanbihi macho yanapita.

Halafu kuna wanaoambiwa walete chanzo, wakaleta blogu iliyonakili makala yetu neno kwa neno, hadi makosa ya tahajia. Hicho si chanzo, ni kioo. Februari 2009, Karl-Theodor zu Guttenberg alipoteuliwa kuwa waziri wa uchumi wa Ujerumani, mtu asiyejulikana aliongeza jina la uongo, "Wilhelm", kwenye msururu wa majina yake katika Wikipedia ya Kijerumani. Magazeti yakalinakili jina hilo. Wahariri wa Wikipedia walipouliza limetoka wapi, wakaonyeshwa gazeti. Ujerumani yenye magazeti yote yale imenaswa. Sisi ambao makala nyingi za kata na vijiji zina chanzo kimoja au viwili tutanusurika vipi? Kwa hiyo naangalia tarehe. Blogu ikiwa changa kuliko sentensi yetu, naiondoa, na ninaeleza kwenye muhtasari wa kuhariri, ule mstari mfupi wa sababu unaoambatana na kila hariri.

Kabla ya kutengua nafanya hivi: nasoma tofauti, nafungua tanbihi yenyewe, natazama michango mingine ya mhariri yule, kisha natafuta mwenyewe dakika kama tano. Nikikipata chanzo nakiweka na hariri inabaki. Nisipokipata natengua, nasema kwa nini, namwandikia. Akirudisha, sishindani naye. Tunahamia ukurasa wa majadiliano.

Ila watu walio hai sina subira nao hata kidogo, namaanisha habari zao. Msanii akizushiwa kifo mitandaoni, ndani ya dakika chache makala yake ina tarehe ya kufariki. Hiyo naiondoa papo hapo, mazungumzo baadaye. Mwaka 2005 mwandishi wa habari wa Marekani John Seigenthaler aligundua kwamba kwa takriban miezi minne Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa imemhusisha na mauaji ya akina Kennedy, Rais John na mdogo wake Robert. Mtu ana mama, ana watoto, wanasoma.

Yapo yanayonielemea. Wikipedia yetu ilianza 2003, na makala nyingi za miaka ile hazina tanbihi hata moja. Namtengulia mgeni sentensi moja huku aya iliyo juu yake imekaa bila chanzo tangu kabla hajajua kusoma. Anaona uonevu, na sina jibu la kumtosheleza zaidi ya kwamba tuko wachache. Kumzuia nako kuna dhambi yake: kwenye mitandao ya simu watu wengi hutumia anwani moja ya IP, namba inayowatambulisha kwenye intaneti, ukimfungia mmoja umewafungia wasiohusika.

Na kubwa kuliko yote ni masimulizi. Niliwahi kuondoa aya kuhusu asili ya jina la kijiji, mwandishi akasema aliipata kwa babu yake. Ilikuwa aya nzuri, ina majina ya mito na aina ya mti ulioota pale. Huenda hakuna kitabu chochote kinachoisema. Kwa kanuni nilikuwa sahihi. Lakini kanuni hizo zilitungwa mahali penye maktaba kila mji, na sijui mzee wa kwetu tumweke wapi ndani yake. Nilimwomba aandikie gazeti, au amrekodi babu na kuchapisha mahali panapoonekana. Aya ingali kwenye historia ya ukurasa, nimeweka alama nisiipoteze.

Yule wa kata amenijibu leo asubuhi, hasira zimepungua, anauliza tanbihi huwekwaje. Ripoti ya sensa ya 2022 ina idadi ya watu kwa kila kata. Nimemwelekeza ilipo, na nimemwachia aiweke mwenyewe.