Je, wajua kwa nini watengenezaji wa Linux hukimbizana na maonyo yasiyozuia programu kufanya kazi?

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa maagizo ya mashine. Ikikuta kosa, inagoma. Ikikuta jambo la kutia shaka tu, inatoa onyo na kuendelea na kazi yake. Linux ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na inaweza kutoa maonyo kibao na kompyuta ikawaka vizuri tu. Sasa kwa nini watu wahangaike?

Kwa sababu mbwa anayebwekea kila mpita njia hamtishi mwizi. Linux ina makumi ya maelfu ya faili. Skrini ikijaa maonyo ya zamani yaliyozoeleka, lile jipya la maana linapita bila kuonwa na mtu.

Chukua neno `switch` la lugha ya C, linalochagua njia moja kati ya kadhaa. Kila njia hufungwa kwa `break`. Ukiisahau, programu inateremka hadi njia inayofuata, kimya kimya. Shida ni kwamba mara nyingine mwandishi alitaka iteremke, na kompaila haiwezi kusoma mawazo yake. Mwaka 2017 GCC, kompaila inayotumika sana kujenga Linux, ilileta katika toleo la 7 onyo la `-Wimplicit-fallthrough`, na ikabidi watu wapitie kerneli sehemu moja baada ya nyingine wakijiuliza: huyu alisahau au alikusudia? Aliyesahau aliongezewa `break`; aliyekusudia aliwekewa alama ya kulithibitisha hilo. Onyo liliwashwa kwa kerneli nzima katika toleo la 5.3, mwaka 2019. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, lakini humo ndimo zilimofichuka hitilafu za kweli zilizokuwa zimelala miaka.

Kunyamazisha onyo bila kulielewa ni hatari kuliko kuliacha. Mwaka 2006, katika Debian, mfumo endeshi unaotumia Linux, mistari ya OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano, iliondolewa kwa kuwa kifaa cha ukaguzi, Valgrind, kilikuwa kikiilalamikia. Malalamiko yakaisha. Ila mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza data za kubahatisha kwenye utengenezaji wa funguo za siri, na hadi kasoro ilipotangazwa Mei 2008, funguo zilikuwa chache kiasi cha kukisiwa zote.

Na kompaila nayo hudanganyika. Novemba 2003 mtu alipenyeza ndani ya nakala moja ya msimbo wa Linux maneno `(current->uid = 0)`. Alama mbili za sawasawa zingelinganisha. Moja inampa mtumiaji namba 0, yaani mamlaka yote ya mashine. Kwa kawaida GCC hushtukia jambo hilo ndani ya sharti, lakini likizungukwa na mabano huliona la makusudi na kunyamaza. Lilinaswa kwa sababu nakala ile ilitofautiana na hazina kuu.

Septemba 2021 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliamua kila onyo lihesabiwe kosa. Kompaila ni nyingi, na kila moja ina wasiwasi wake, hivyo watu wakaanza kushindwa kujenga kerneli zao. Siku chache baadaye akalegeza: amri ibaki kuwashwa yenyewe kwenye ujenzi wa majaribio tu, wengine wachague.