Kilichopasuka ni Muhuri, Si Sarafu Yako

Maombi ya kukaguliwa senti 5 za Marekani zenye ngao, zilizopigwa Philadelphia kuanzia 1866 hadi 1883, yameongezeka, na malalamiko ni yaleyale: mwenye sarafu ameona mstari, akaamini sarafu imepasuka. Mmoja anataka kuitupa, mwingine anadai bei ya ajabu. Sisi wakaguzi tunaomba msome maelezo haya kabla ya kutuletea sarafu.

Mchanganyiko wa shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25 ni mgumu. Mihuri, yaani vyuma vyenye mchoro vilivyogongwa juu yake kutengeneza sarafu, ilichoka upesi na kupasuka, na kila pigo lilisukuma madini ya sarafu ndani ya ufa. Kwa hiyo alama ya ufa wa muhuri huwa imeinuka, ilhali mkwaruzo umechimbika. Weka taa moja pembeni, tumia lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10, kisha uzungushe sarafu polepole ukiishika kwa ukingo. Mstari ulioinuka hutupa kivuli upande ulio mbali na taa. Uliozama huwa na giza upande ulio karibu nayo. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanapima kwa ukucha. Tafadhali acheni. Mnaongeza mikwaruzo.

Mara nyingi ufa huanzia ukingoni na kupita katikati ya herufi na nyota bila kujali mchoro. Kipande cha muhuri kikimeguka kabisa, sarafu hubaki na donge lisilo na mchoro ukingoni, na upande wa pili, mahali palepale, mchoro kwa kawaida huwa hafifu kwa sababu madini yalikimbilia kwenye pengo. Donge likiwepo na upande wa pili ukawa umekolea vizuri, tunaanza kutilia shaka.

Ufa haushushi daraja la sarafu (kipimo cha hali yake), na katika sarafu hizi ufa mwembamba ni jambo la kawaida mno kupandisha bei peke yake. Kinachowachanganya wengi ni mistari ya ngao isiyojaa, ambayo si lazima iwe imelika. Palipolika mng'ao umekufa. Palipopigwa hafifu mng'ao bado unatembea ukiigeuza sarafu. Upigaji ulikuwa mgumu hivi kwamba hata miale iliyokuwa kati ya nyota iliondolewa 1867 ili kuurahisisha.

Kuhusu utaratibu: kila sarafu iwe katika bahasha yake, isiwe kwenye plastiki laini ya PVC, na isisafishwe, hata kwa sabuni. Tutaipima uzito (mpya ilikuwa gramu 5) na kipenyo (milimita 20.5), tutaipiga picha pande zote mbili, utasaini fomu na kupewa stakabadhi. Hatutoi bei. Anayekuja kuichukua lazima awe na stakabadhi hiyo.

Baadhi ya madonge tunayoletewa yanaonekana kuongezwa baadaye kwa risasi ya kulehemu. Hatumtuhumu anayeleta. Hata hivyo, kifungu cha 331 cha sheria za jinai za shirikisho la Marekani (Title 18) kinaweka faini, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili, kwa anayebadili sarafu kwa nia ya kulaghai, na pia kwa anayeiuza kwa ulaghai akijua imebadilishwa. Nakala za kuiga nazo, kwa sheria ya 1973, lazima ziwe na neno COPY. Ukikuta neno hilo, usituletee.