Ubao wa kaiti kwa maji ya Kigoma: tazama kingo na nati kabla ya kuhesabu miaka ya waranti

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Katonga aliniletea ubao wa kaiti, ule wa kusimama juu ya maji ukivutwa na tiara kubwa ya upepo, uliosafiri kwa ndege kutoka Ulaya hadi Dar es Salaam, kisha kwa basi mpaka huku kwetu mwisho wa reli. Alikuwa ameingia nao majini mara nne tu. Aliulaza juu ya meza yangu ya kazi, akafungua simu, akanionyesha tangazo la duka lililomuuzia: waranti ya miaka 2.

"Fundi, wao wenyewe wameandika miaka 2. Mbona sasa wamenikatalia?"

Niliugeuza. Upande wa chini, mkabala na pedi ya mguu wa nyuma, palikuwa na kivimbe kama chunusi, na katikati ya kivimbe ufa mwembamba kama unywele. Nikafungua pedi. Boliti tatu zilikuwa za kiwandani. Ya nne ilinunuliwa Mwanga, hapahapa Kigoma. Kipenyo kilekile cha milimita 6, ila ndefu zaidi kwa milimita kama 5. Ilipokazwa ilifika mwisho wa nati iliyozikwa ndani ya ubao, ikaendelea kusukuma mpaka ikaipasua ngozi ya chini. Kiwanda hakikuwa na kosa hapo, na maji yalikuwa yamekwishapata njia ya kuingia.

Niliumia kwa ajili yake, maana alichagua kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Alilinganisha maduka, akachukua lenye miaka mingi. Mimi naamini miaka ndiyo kitu cha mwisho kutazamwa. Kwanza ujue ubao hufa kwa ugonjwa gani hapa kwetu, kisha usome waranti ukiwa na ugonjwa huo kichwani.

Kazi yangu ni faiba. Siku nyingi natengeneza boti, lakini mbao za kaiti nilijifunza Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kaskazi na kusi huleta waendesha kaiti kutoka kila nchi na mafundi hawakosi kazi. Niliporudi nyumbani nilikuta maji mengine kabisa.

Watu hufurahi kwamba Ziwa Tanganyika halina chumvi, wakadhani ubao utadumu maradufu. Kwa boliti na nati ni kweli, kutu hupungua sana. Kwa moyo wa ubao mambo ni kinyume. Mbao nyingi za ncha mbili, zile zinazokwenda pande zote bila kugeuzwa, ndani yake zina mti wa paulownia, mti mwepesi mno unaopasuliwa vipande vyembamba na kugundishwa ubavu kwa ubavu. Chumvi huwazuia kuvu wanaoozesha mti. Maji yasiyo na chumvi hayana kinga hiyo. Ufa ambao Paje ungeweza kukaa msimu mzima bila madhara makubwa, hapa unageuka uozo. Nimeshafungua ubao ulioachwa na ufa kuanzia masika hadi kiangazi: mti ulikuwa mweusi, unabonyea kwa kidole kama muhogo uliolowekwa, na harufu yake ni ileile.

Halafu kuna mawe. Paje unatua kwenye mchanga. Kigoma sehemu kubwa ya ufuo ni miamba, na hata penye mchanga, jiwe liko hatua chache ndani ya maji.

Na kuna upepo wenyewe. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo mkubwa wa ziwa hutoka kusini-mashariki. Sisi tuko ufuo wa mashariki, kwa hiyo unatujia ukitoka nchi kavu, ukiruka vilima, unakatika na kurudi kwa kishindo, na unakusukuma kuelekea ziwani. Ng'ambo ni Congo, kilomita kama 50 hivi, na kina cha ziwa, pale penye kina kuliko kote, hufika mita 1,470. Nati ikichomoka ukiwa huko, mguu hauna pa kushika na kurudi ni kwa kuogelea dhidi ya upepo. Ndiyo sababu uimara wa ubao kwangu ni suala la uhai, na ndiyo sababu simruhusu mtu kutoka bila mtumbwi wa injini unaomfuata.

Sasa tuushike ubao. Mimi naanza na kingo. Uinue kama trei, uutazame kwa ubavu. Ubao unaofaa mawe yetu una ukanda wa plastiki ngumu iitwayo ABS, umeuzunguka wote kati ya ngozi ya juu na ya chini. Kofia ngumu za mafundi ujenzi hutengenezwa kwa plastiki hiyo pia. Ikigonga jiwe hubonyea na kumeza kishindo kabla hakijafika kwenye mti. Kuna mbao ambazo ngozi zake mbili zimekutanishwa ukingoni na kufungwa kwa rezini tu, ile gundi inayoganda ikawa ngumu. Ni nyepesi na zinapendeza, ila jiwe moja linatosha kuzifungua. Pitisha ukucha kwenye maungio, mzunguko mzima. Ukucha ukinasa mahali, rudisha ubao dukani, hata kama muuzaji anakuambia ni rangi tu.

Kisha nati. Fungua boliti zote kwa mkono, moja baada ya nyingine. Zinatakiwa kuzunguka kwa vidole baada ya kulegezwa, bila kukwama. Mulika tundu kwa tochi ya simu: nati ya chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko ya shaba njano (brasi) inayolika meno kwa kukazwa mara nyingi. Jambo kubwa zaidi halionekani kwa macho, lazima uulize: nati imezikwa kwenye nini? Viwanda makini huweka kipande cha plastiki au cha mti mgumu kuizunguka, ili nguvu ya mguu isiangukie paulownia laini peke yake. Muuzaji asiyejua jibu anaweza kumuuliza aliyemletea. Asiyetaka kuuliza ameshakuonyesha atakavyokujibu siku ya shida.

Kuhusu kaboni nitasema wazi nisimzungushe mtu. Nyuzi za kaboni ni nyepesi, ngumu, na zinaurusha ubao vizuri, lakini haziupendi mgongano wa mahali pamoja. Faiba ya kioo hupinda kidogo na kutoa alama ya kukuonya. Kaboni huvumilia, huvumilia, kisha hukatika. Isitoshe, ubao mweusi ukiachwa juani au chini ya bati mchana hushika joto linalolegeza rezini. Kwa pesa yangu mwenyewe na kwa mawe haya, nanunua faiba ya kioo yenye moyo wa mti na kingo nene, hata ukiwa mzito kwa robo kilo. Ukubwa ni habari rahisi: mtu wa kilo 75 hivi hukaa vizuri kwenye sentimita 138 kwa 41, na upepo ukiwa mdogo anahitaji mpana zaidi.

Ukisharidhika na ubao wenyewe, ndipo soma waranti. Nilizozisoma mimi nyingi huwa kati ya miezi 6 na miaka 2, na zinafanana: zinalipia kasoro ya malighafi au ya utengenezaji, kwa mnunuzi wa kwanza mwenye risiti. Hazilipii kugonga mwamba, kupauka kwa jua, kuharibika njiani, kutua vibaya, boliti isiyo ya asili, wala uchakavu wa pedi na mikanda. Nyingi zinakata pia matumizi ya shule na ya kukodisha, kwa hiyo ukifundisha wageni kwa malipo, uliza hilo mapema na upate jibu la maandishi. Ubao uliokwishatumika, ulionunuliwa kwa mgeni anayeondoka Paje mara nyingi hauna waranti tena, hata kama mwaka haujaisha.

Na ile miaka 2 ya maduka ya Ulaya, ujue ilikotoka. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria yenyewe inampa mnunuzi wa kawaida angalau miaka 2 ya kumdai muuzaji kwa kasoro iliyokuwepo tangu siku ya kukabidhiwa bidhaa. Kwa hiyo duka linapoitangaza, huenda halijakuongezea chochote. Waranti ya kiwanda ni karatasi nyingine, na inaweza kuwa fupi zaidi. Kwa ubao ulionunuliwa hapa nchini, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 zinamlinda mnunuzi, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Usiache kudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ipige picha siku hiyohiyo, maana ile karatasi hufutika kwa joto, na ukija kuihitaji mwaka unaofuata utakuta ni nyeupe.

Shida kubwa ya sisi wa Kigoma ni nauli. Ubao wenye kilo 3 ukiufunga kwenye boksi la sentimita 145 kwa 50 kwa 10, kampuni nyingi za vifurushi vya ndege hazitakutoza kilo 3. Huzidisha vipimo hivyo vitatu na kugawanya kwa 5,000. Jibu ni kilo 14.5, na hicho ndicho utakacholipia. Waranti inayokutaka urudishe ubao Ulaya kwa gharama yako inaweza kumeza sehemu kubwa ya bei ya ubao wenyewe. Ndiyo maana kabla ya kulipa mimi humwandikia muuzaji maswali haya: Je, mnakubali kasoro kwa picha na video, au lazima ubao urudi? Nauli ya kurudi na ya kuleta mwingine analipa nani? Mtanipa mpya, mtatengeneza, au mtanipunguzia bei ya ubao mwingine? Jibu lake nalihifadhi pamoja na risiti. Duka la mwaka 1 linalokubali picha nalipenda kuliko la miaka 3 linalotaka boksi.

Mwaka wangu wa kwanza baada ya kurudi nilinunua ubao mpya kwenye duka la nje. Mwezi wa pili ukingo uliachana na ngozi ya juu, urefu wa shubiri moja, bila kugonga kitu. Hiyo ilikuwa kasoro ya kiwanda bila shaka yoyote. Lakini mikono yangu ni ya fundi. Nilipoona maji yanataka kuingia niliukausha, nikapaka epoksi, aina ya rezini, nikaubana kwa klempu, na siku ya tatu ukawa mzima. Ndipo nikawaandikia. Wakanijibu kwamba ubao umekwishafanyiwa matengenezo na haki yangu imefutika. Nilikuwa na picha mbili tatu za wakati wa kazi, na mpaka leo naona zilitosha kuwaonyesha ukweli, lakini masharti yalikuwa upande wao. Tangu hapo namwambia kila mteja: ukiona kasoro, usiguse. Toa ubao majini, uufute, uuweke kivulini ufa ukitazama chini ili maji yatoke yenyewe. Piga picha ya mbali, ya karibu ukiweka rula pembeni, na ya namba ya ubao. Andika barua siku hiyo. Fundi asiuguse mpaka jibu lije.

Hata ubao unapofika kwa basi, piga picha ya boksi kabla hujalifungua, na ulifungue mbele ya wakala. Kona iliyopondwa ndani ya buti ya basi ni deni la msafirishaji. Ukiondoka nalo kimya linageuka lako.

Kuna kipimo kimoja kilichonisaidia kuliko vyote, na hakina gharama. Ubao ukiwa mpya, kabla haujalowa, toa pedi na mapezi, uupime. Mimi hutumia mizani ya kuning'iniza ya mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi, inayosoma mpaka gramu. Ile namba naiandika kwa kalamu ya wino mzito mahali pedi itakapofunika. Kila mwisho wa mwezi naupima tena ukiwa mkavu. Ukiongezeka gramu 100 au 200, maji yako ndani hata kama hauna ufa unaoonekana. Hapo nachukua sarafu, nagonga taratibu kutoka ncha hadi ncha. Penye afya inalia ko, ko, kavu. Penye ngozi iliyoachana na mti inalia pu, kama debe lenye kitambaa ndani.

Ubao wa yule kijana tuliupima siku alipouleta: kilo 3.15. Niliondoa kivimbe, nikapanua tundu mpaka kwenye mti mkavu, nikauning'iniza kivulini penye upepo. Siku ya tisa ulisoma kilo 2.98, ukabaki hapohapo siku tatu mfululizo. Ndipo nikaziba kwa epoksi na tabaka mbili za faiba. Alipokuja kuuchukua alikuwa na boliti nne fupi mkononi, alizoagiza kwa muuzaji wake. Nikampa bisibisi, akazikaza mwenyewe polepole, na alipohisi ya nne imefika akaiacha.