Glikozi ya unga si siropu ya glikozi, jamani

"Mama, nilitia glikozi kama ulivyosema, lakini angalia." Huyu ni wa nne tangu mvua zianze. Akafunua sahani: bombo za jelatini, yaani peremende laini za kutafuna, zenye ukungu mweupe ndani. Ukiing'ata moja inakatika kama sabuni, halafu inaacha mchanga ulimini. Kabla hajasema nilishajua amenunua nini: ile glikozi ya unga wanayokunywa wacheza mpira.

Hapa Bukavu watu wanaamini sukari ni utamu tu, ulaini na ugumu ni kazi ya jelatini. Basi bombo ikinata wanaongeza jelatini, ikiwa ngumu wanapunguza sukari. Haya, tupige hesabu. Kwenye nyuzi 20, lita moja ya maji inayeyusha kama kilo 2 za sukari, yaani asilimia 67 ya mchanganyiko. Bombo iliyokauka vizuri ina karibu asilimia 80 ya vitu vikavu. Kwa hiyo sukari ya mezani ikiwa peke yake, iwe ya Kiliba au ya Uganda, nyeupe au ya kahawia, mwishowe itarudi kuwa chembe. Inahitaji mwenzake wa kuizuia.

Mwenzake huyo ni siropu ya glikozi, na jina ndilo linaloniletea balaa. Siropu inatengenezwa kwa kuvunja wanga wa mahindi, ngano au muhogo, ila hauvunjwi wote. Ndani yake mna glikozi, mna maltozi (glikozi mbili zilizoshikana), na mna minyororo mirefu ya wanga iliyosalia. Mimi pesa yangu nailipia hiyo minyororo! Ndiyo inayozuia sukari isijipange, ndiyo inayoyapa meno kitu cha kuvuta. Glikozi ya unga ni wanga uliovunjwa mpaka mwisho na kukaushwa. Mnyororo hauna hata mmoja. Tena katika ubaridi wetu inayeyuka kidogo kuliko sukari yenyewe, kwa hiyo ukiizidisha nayo inageuka chembe. Umeweka mlinzi mlangoni, kumbe naye ni mwizi.

Hata siropu zinatofautiana. Ukiona DE 42 kwenye ndoo (DE ni kipimo cha wanga umevunjwa kiasi gani), chukua. Ya 60 imevunjwa zaidi: ni tamu zaidi, nyepesi zaidi, inavuta unyevu. Ya chini ya 30 itakuchosha mataya.

Asali? Ina fruktozi nyingi, ile sukari ya matunda, na fruktozi haiachi maji yapite hewani bila kuyakamata. Bombo itakuwa laini, utafurahi siku mbili, kisha mwezi wa 11 utaikuta inatoka jasho na sukari ya kupakia nje imeyeyuka yote. Kijiko kimoja kwa ajili ya harufu, sawa. Kikombe, hapana.

Ndimu ni hadithi hiyo hiyo. Wengi wanaikamua sufuriani mwanzoni, na asidi ikikutana na moto inaigeuza sukari kuwa glikozi na fruktozi. Umetengeneza asali yako bila nyuki. Mimi naitia mwisho, baada ya jelatini, sufuria ikiwa imeshatoka motoni, maana asidi na joto vinaidhoofisha jelatini pia. Na bado, nakiri, kuna mapishi yangu yanayotoka jasho ingawa nimefuata kila kitu. Nimeshalaumu ndimu, nimelaumu makaa ya jiko, nimelaumu mvua. Huenda ni vyote vitatu.

Kuhusu ugumu, acheni kuisingizia sukari. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maelekezo ya Ubelgiji yakisema pika mpaka 112, hapa simama kwenye 107. Ukingoja 112, maji mengi yameshakwenda, na utakachomimina ni tairi ya pikipiki. Chemsha maji matupu kwanza uone kipimajoto chako kinasemaje, kisha toa tofauti.

Vipimo vyangu: sukari na siropu uzito sawa, na jelatini gramu 7 kwa kila gramu 100 za bombo iliyokamilika, iliyolowekwa kwenye maji baridi. Ndoo ya siropu ni kubwa, nunueni watu watatu mgawane. Unga wa glikozi uliobaki kwenye boksi, wakorogee watoto wakitoka kucheza mpira.