Darubini, Brashi na Makoloni: Dhana Potofu Kuhusu Mwanzo wa Karne ya 17

Vitabu vingi vya historia huugawa mwanzo wa karne ya 17 katika sura tatu zisizokutana: wanasayansi wakichunguza nyota, wachoraji wakipamba makanisa, na mabaharia wakitwaa nchi za watu. Mgawanyo huo ndio chanzo cha dhana nyingi potofu kuhusu kipindi hicho, kwa sababu watu wenyewe hawakuishi hivyo. Mtu aliyeuchora mwezi alikuwa amekwisha kupima pwani ya koloni, mfadhili wake alikuwa na mdogo wake aliyeongoza ngome yenye njaa ng'ambo ya bahari, na wachoraji ndio waliowafundisha Wazungu wa wakati ule namna ya kuziona mbingu na namna ya kuwaona wenyeji wa Marekani. Mkosi ni kwamba somo la pili halikuwa la kweli kama lile la kwanza.

"Galileo ndiye aliyevumbua darubini, na ndiye wa kwanza kuuchora mwezi kwa kuitumia"

Galileo, mwanasayansi wa Italia, hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Mwanzoni mwa Oktoba 1608 mtengeneza miwani wa mji wa Middelburg, Hans Lipperhey, aliwaomba watawala wa Uholanzi mjini The Hague wampe hataza ya chombo cha kuonyesha vitu vya mbali kana kwamba viko karibu. Alinyimwa, kwa kuwa chombo kilikuwa rahisi kuigwa na katika majuma machache tu wengine, akiwamo Jacob Metius wa Alkmaar, walijitokeza wakidai kwamba nao wanacho. Waliokijaribu hawakuwa na haja na nyota. Walikuwa viongozi wa taifa lililopigana na Hispania kwa miongo kadhaa, na walichokithamini ni uwezo wa kumtambua adui kabla hajafika. Mwaka huohuo meli za Waholanzi ziliizingira kwa mara ya pili ngome ya Wareno katika Kisiwa cha Msumbiji, baada ya kushindwa mwaka 1607, wakati Ureno yenyewe ikiwa chini ya mfalme wa Hispania. Hata habari za darubini zilienea Ulaya kupitia kijarida ambacho shabaha yake hasa ilikuwa kueleza ujumbe wa mfalme wa Siam (Thailand ya leo) uliofika The Hague mwaka ule. Mabalozi wa Asia na lenzi za Middelburg walipewa nafasi katika karatasi zilezile, na sidhani kama msomaji wa wakati huo aliona ajabu yoyote.

Ama kuhusu mwezi, Mwingereza Thomas Harriot aliuchora kwa msaada wa darubini tarehe 26 Julai 1609 kwa kalenda iliyotumika Uingereza, miezi kadhaa kabla ya Galileo kuanza michoro yake mwishoni mwa Novemba. Harriot hakuwa mtu wa kukaa chumbani tu. Mwaka 1585 alivuka Atlantiki katika msafara uliofadhiliwa na Walter Raleigh hadi Roanoke, katika eneo ambalo sasa ni North Carolina, akiwa amejifunza lugha ya wenyeji kutoka kwa Manteo na Wanchese, vijana wawili waliopelekwa London mwaka uliotangulia. Kazi yake ilikuwa kupima nchi, kuorodhesha mimea na madini, na kueleza watu. Miaka 24 baadaye aliugeukia mwezi kwa tabia ileile ya mpima ardhi.

"Darubini ilitosha, aliyetazama aliona"

Hii ndiyo dhana ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, ingawa ni wachache wanaoitamka waziwazi. Mchoro wa kwanza wa Harriot ni duara lenye mstari uliopindapinda unaotenga sehemu ya mwanga na sehemu ya giza, pamoja na madoa machache. Hauna milima wala mashimo. Darubini yake, iliyokuza mara sita, ilikuwa duni kuliko ile ya Galileo, lakini tofauti ya lenzi haimalizi hadithi. Galileo alikuwa amejifunza uchoraji wa Kitaliano, ambamo mwanafunzi hufundishwa kuonyesha umbo la kitu kwa kivuli kinachoangukia upande usio na mwanga, na baadaye, mwaka 1613, alipokewa katika chuo cha wachoraji cha Florence. Alipoona vitone vya nuru ndani ya sehemu ya giza ya mwezi, vikipanuka kadiri saa zilivyopita, alitambua kwamba anatazama vilele vya milima vinavyopigwa na jua kabla ya mabonde. Michoro yake ya wino wa kahawia iko Florence hadi leo, na yeyote mwenye jicho la picha ataona kwamba imetoka kwa mtu anayejua kushika brashi. Kitabu chake kifupi kilichapishwa Venice Machi 1610. Baada ya hapo Harriot aliuchora mwezi upya, na safari hii mashimo yakaonekana, kwa kuwa sasa alijua anatafuta nini.

"Kanisa liliogopa kuangalia ndani ya darubini"

Hukumu ya mwaka 1633 na kifungo cha nyumbani alichopewa Galileo ni mambo ya kweli yasiyohitaji kupunguzwa. Lililo potofu ni kuyarudisha nyuma hadi 1610 na kudhani kwamba viongozi wa dini waliukataa ushahidi wa macho. Mwaka 1611 wanajimu Wajesuiti (watawa wa Kikatoliki) wa chuo chao cha Roma, wakiongozwa na Christopher Clavius, walithibitisha sehemu kubwa ya yale aliyoyaona Galileo, ikiwa ni pamoja na miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii, na wakamwandalia mapokezi ya heshima. Mwaka uliofuata, rafiki yake mchoraji Lodovico Cigoli alimaliza kupaka rangi kuba la kikanisa cha Papa Paulo V ndani ya Santa Maria Maggiore. Bikira Maria aliyemchora amesimama juu ya mwezi, na mwezi huo si ule laini uliozoeleka katika picha za dini, bali una madoa na mashimo kama ulivyoonekana katika darubini. Papa aliyeilipia kazi hiyo ndiye ambaye katika utawala wake, mwaka 1616, mafundisho ya kwamba dunia huzunguka jua yalipigwa marufuku. Ugomvi ulihusu maana ya yaliyoonekana na mamlaka ya kufasiri Maandiko. Mwezi wa Cigoli haujafutwa.

"Picha za kale za wenyeji wa Marekani ni kumbukumbu ya mambo yalivyokuwa"

Katika msafara wa 1585 Harriot alifuatana na mchoraji John White, ambaye picha zake za rangi za maji zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza. White alichora mavazi, chale za mwilini, mitego ya samaki na vyungu vya chakula kwa uangalifu mkubwa. Katika picha moja msichana mdogo wa kijiji cha Pomeiooc ameshika mwanasesere wa Kiingereza, jambo linaloonyesha kwamba hata aliyechorwa hakuwa ameganda katika zama za kale, kwani tayari alikuwa anacheza na bidhaa za wageni. Hata hivyo, Ulaya haikuzijua picha hizo zenyewe. Ilijua nakala zilizochongwa kwenye shaba na Theodor de Bry na kuchapishwa Frankfurt mwaka 1590 pamoja na maelezo ya Harriot, kwa lugha nne. De Bry hakuwahi kufika Marekani. Katika mikono yake nyuso zilipata sura ya Kizungu na miili ikasimama kama sanamu za Kirumi. Mwishoni mwa kitabu ziliongezwa picha za watu wa kale wa Britania waliojichora mwili mzima, ili msomaji akumbuke kwamba mababu wa Waingereza nao waliwahi kuwa hivyo. Lilikuwa wazo la ukarimu kwa viwango vya wakati ule, lakini pia lilikuwa na meno: aliye nyuma leo anamhitaji wa kumvusha.

Michoro hiyo haikukaa kitako. John Smith, mmoja wa viongozi wa Jamestown, makazi ya Waingereza huko Virginia, alipochapisha historia yake ya Virginia mwaka 1624, mchongaji Robert Vaughan aliazima maumbo ya de Bry kuonyesha matukio ya Jamestown ya 1607 na 1608. Kwa hiyo miili ya watu wa Roanoke ilitumika kuwaigiza watu wengine, mahali pengine, zaidi ya miaka 20 baadaye. Kitabu hichohicho ndicho kilichoeneza kisa cha Pocahontas, binti wa chifu wa wenyeji, kumwokoa Smith asiuawe, ambacho hakimo katika taarifa yake ya 1608, na ambacho wengi wamekigeuza kuwa mapenzi. Pocahontas alikuwa mtoto wa miaka 11 hivi Smith alipofika. Aliolewa na mkulima wa tumbaku John Rolfe mwaka 1614, akafa Gravesend, Uingereza, mwaka 1617, na picha pekee inayojulikana kuchorwa akiwa hai, kazi ya Simon van de Passe ya mwaka 1616, inamwonyesha amevalia kofia na kola ya mabibi wa Kiingereza.

"Walowezi wa Jamestown walikufa njaa kwa sababu ya uvivu"

Uvivu ulikuwapo, na Smith aliupigia kelele kwa sababu ulimfanya yeye aonekane hodari. Lakini pete za miti ya kale, katika utafiti uliotolewa mwaka 1998, zinaonyesha kwamba miaka saba kati ya 1606 na 1612 ilikuwa ya ukame mkali kuliko kipindi chochote cha urefu huo katika takriban karne nane. Mahindi yaliwapungukia wenyeji pia, na wageni wenye bunduki waliodai chakula walizingirwa. Meli kuu ya misaada, Sea Venture, ilikuwa inapambana na kimbunga kuelekea kwenye miamba ya Bermuda katika siku zilezile za mwisho wa Julai 1609 ambazo Harriot alikuwa anauchora mwezi. Aliyeongoza Jamestown katika majira ya baridi yaliyofuata alikuwa George Percy, mdogo wake kabaila Henry Percy wa Northumberland, mfadhili wa Harriot, ambaye wakati huo alikuwa mfungwa katika Mnara wa London. Waliobaki hai ngomeni ilipofika Mei 1610 walikuwa kama 60. Mifupa ya msichana wa miaka 14 iliyochimbuliwa mwaka 2012 ina alama za visu zinazothibitisha kwamba maiti ziliwahi kuliwa.

"Waafrika wa kwanza Marekani walifika 1619, wakiwa hawajui lolote"

Wahispania walikuwa na Waafrika huko Florida tangu karne ya 16. Tarehe ya 1619 inahusu makoloni ya Waingereza: mwishoni mwa Agosti mwaka huo meli ya White Lion ilitia nanga Point Comfort, Virginia, na barua ya Rolfe, yuleyule mjane wa Pocahontas, inasema kwamba Waafrika ishirini na ushei walibadilishwa kwa chakula. Walikuwa wameporwa kutoka São João Bautista, meli ya Kireno iliyotoka Luanda (Angola) kuelekea Veracruz (Mexico), na wengi wao yamkini walitekwa katika vita vya gavana Mreno dhidi ya ufalme wa Ndongo, katika Angola ya leo. Hiyo ilikuwa nchi ya wakulima, wafugaji na wafua chuma, ujuzi ambao koloni lililotoka kwenye njaa liliuhitaji sana. Mmoja wa waliofika kwa meli ya Treasurer, iliyoshiriki uporaji huohuo, ni mwanamke aliyeandikwa kwa jina la Angelo. Sensa ya 1625 inamtaja katika nyumba ya William Pierce huko Jamestown, ambaye binti yake alikuwa ameolewa na Rolfe.